Barua kwa Mwanahawa: 37, 27 na saa sita

Chumbageni, Tanga
Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu Mwanahawa,

Mkaza mjomba wako anakusalimu na anasema ule mtandio ulioutuma umemkaa vizuri. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani.

Habari za chumba cha kupanga na nauli nimezisikia, tutaziongea ukija. Jambo la kazi umeliweka chini kabisa, kama mtu anayeona haya kuuliza: kwamba kitabu chako kinaandika megabekereli 740, mzee wenu wa maabara anasema "ishirini" na kunyamaza, na ile mashine ya kupimia dozi inaonyesha hiki au kile kutegemea nani aliigusa mwisho. Ukauliza, sasa nishike lipi?

Shika yote mawili. Ishirini yake na 740 ya kitabu ni kitu kimoja. Yeye kasema milikyuri 20, kitabu kimesema megabekereli 740, na mgonjwa anayesubiri kupigwa picha ya mifupa atachomwa dawa ileile. Ila nataka ujue kila moja imetoka wapi, maana aliyekariri 37 bila kujua asili yake siku moja atazidisha mahali pa kugawanya.

Bekereli ndiyo changa na ndiyo rahisi. Bekereli moja ni atomu moja kuvunjika katika sekunde moja. Basi. Imepewa jina la Henri Becquerel, Mfaransa aliyegundua mwaka 1896 kwamba chumvi ya urani inaacha alama kwenye bamba la picha hata bamba likiwa limefungwa karatasi nyeusi na kuwekwa droo gizani. Mkutano mkuu wa vipimo na mizani uliipitisha mwaka 1975. Kwa hiyo vitabu vya kabla ya hapo, na walimu waliosomeshwa na vitabu hivyo, na wanafunzi wa walimu hao, wote wanasema kyuri. Marekani hospitalini wanasema milikyuri hadi leo. Mzee wenu si mkaidi, ndivyo alivyofundishwa.

Kyuri ina hadithi ndefu kidogo. Mwaka 1910 wataalamu walikutana Brussels wakakubaliana kuweka kipimo kwa jina la Pierre Curie, aliyefariki miaka minne kabla kwa kugongwa na gari la farasi jijini Paris. Wengine walitaka kiwe kipimo cha chembe ndogo mno. Mjane wake, Marie, akakataa jina la mumewe litundikwe kwenye kitu kisichofika hata punje, na kipimo kikawa kikubwa: kiasi cha gesi kinachokwenda sambamba na gramu moja nzima ya radiamu.

Sasa wewe unajua gramu moja ya radiamu kwa watu wa zama zile ilikuwa nini? Mwaka 1921 akina mama wa Marekani walichangishana dola 100,000 kumnunulia Marie Curie gramu moja tu, akakabidhiwa na Rais Harding mwenyewe Ikulu ya Washington. Hiyo ndiyo kyuri moja. Na muda si mrefu baada ya hapo radiamu nyingi ya dunia ikawa inatoka Shinkolobwe, Katanga, kwenye nchi ya Waswahili wenzetu wa Kongo, mawe yakisafirishwa mpaka Olen huko Ubelgiji kusafishwa. Neno ni la Kifaransa, lakini mzigo ulibebwa na watu wetu.

Ndiyo maana namba yenyewe haina sura. Gramu moja ya radiamu huvunja atomu kama bilioni 37 kila sekunde, na hiyo 37 hakuna aliyeichagua, ilitoka kwenye jiwe. Ni kama pishi. Bibi yako alikuwa na kibaba chake cha mchele jikoni, vibaba vinne vinajaza pishi, na maisha yakaenda. Kisha wakaja watu wa kilo na mizani kuuliza pishi moja ni kilo ngapi. Jibu likatoka namba ovyo, kwa sababu chombo kilikuwepo kabla ya kilo na hakikutengenezwa kwa ajili yake. Kyuri ni pishi. Bekereli ni kuhesabu punje mojamoja. Na kama unavyojua pishi za mjini, baadaye walipoipima radiamu vizuri zaidi wakakuta gramu moja ni bilioni 36.6 hivi, si 37. Hawakuirekebisha. Kyuri ilibaki bilioni 37 kamili kwa sheria, radiamu ikaachwa njiani.

Hesabu sasa. Mikrokyuri moja ni kilobekereli 37. Milikyuri moja ni megabekereli 37. Kyuri moja ni gigabekereli 37. Unaona kwamba 37 haibadiliki, kinachopanda ni ngazi. Sisi tulikuwa tunafanya kichwani hivi: zidisha kwa 40, kisha toa mara tatu ya namba uliyoanza nayo. Ishirini mara 40 ni 800, toa 60, unabaki na 740. Kumi na tano mara 40 ni 600, toa 45, ni 555. Jizoeze ukiwa kwenye daladala, ni dawa ya foleni.

Kurudi nyuma watu ndipo wanapokwama, maana hakuna anayependa kugawanya kwa 37. Usigawanye. Gigabekereli moja ni milikyuri 27. Ukitaka kujua kwa nini, zidisha 27 kwa 37 uone: 999. Zinakosa elfu kwa moja tu. Nilipoligundua hilo mwenyewe, nikiwa na kikombe cha chai kwenye ngazi za hospitali, nilicheka peke yangu hadi mlinzi akaja kuniangalia. Kwa hiyo kasha likija limeandikwa gigabekereli 10, unasema milikyuri 270 na unaendelea na kazi, hesabu ya desimali utaifanya kwenye daftari.

Kinachoumiza watu si 37. Ni herufi. M kubwa ni milioni, m ndogo ni sehemu moja ya elfu, kati yao kuna mara bilioni moja. Ile µ ya mikro, ikiandikwa kwa mkono wa mtu mwenye haraka, mkia wake unapotea na inabaki m. Chukua iodini-131. Mtu kaja kupimwa tu kama tezi yake ya shingo inavuta iodini sawasawa, anapewa mikrokyuri 10, yaani megabekereli 0.37, anameza anakwenda zake nyumbani. Mkia wa µ ukipotea inasomeka milikyuri 10, megabekereli 370, na hiyo ni dozi ya kutibia tezi iliyozidi kazi. Aliyekuja kupimwa anaweza kuondoka tezi imeungua, akameza vidonge vya homoni maisha yake yote. Kwa hiyo mimi nilikataa µ kwenye meza yangu. Andika "mikro" kwa herufi zake zote. Watakuita mshamba wa maandishi, nyamaza.

Jambo jingine, umesema mwenzako wa chumbani aliona kwenye simu kwamba chakula fulani kina "mamia ya bekereli" akaacha kula samaki. Mwambie bekereli ni ndogo mno ndiyo maana namba zake zinatisha. Ndizi moja mbivu ina bekereli kama 15 kwa sababu ya potasiamu yake ya asili. Yeye mwenyewe, alivyolala hapo kitandani, potasiamu ya mwilini mwake peke yake inatoa bekereli 4,000 hivi. Wajapani baada ya ajali ya Fukushima waliweka kikomo cha siziamu kwenye vyakula vya kawaida, bekereli 100 kwa kilo, kuanzia Aprili 2012. Kikomo hichohicho ukikigeuza ni nanokyuri 2.7, namba inayoonekana kama si kitu. Na mwaka 1987 kule Goiânia, Brazil, waokota vyuma chakavu walivunja mashine ya tiba iliyotelekezwa, watu wanne wakafa. Siziamu iliyokuwamo ilikuwa kyuri 1,375. Taarifa nyingine zinaandika terabekereli 50.9. Ni mauti yaleyale, namba ya pili inaonekana ndogo kuliko ya kwanza. Kabla hujaogopa au kupuuza namba, tazama kilichosimama kulia kwake.

Hata ukishageuza vizuri, bado hujajua madhara. Kule kijijini kwa babu yako kuna shamba la minazi. Mtu anaweza kukaa pembeni akahesabu: leo vimeanguka vitu mia tatu. Hiyo ndiyo bekereli, inahesabu kuanguka tu. Haikuambii kilichoanguka ni kidaka, kitale au koroma, wala kama kuna mtu alikuwa amelala chini. Kidaka kikikupiga unajikuna. Koroma likikupiga tunakuja kwako na sanda. Kujua kilichompata mtu kuna kipimo kingine, sivati, na hakuna 37 wala 27 itakayokutoa kwenye bekereli mpaka sivati bila kujua ni isotopu gani, imeingia mwilini au imebaki nje, na imekaa muda gani. Ukiona mtu kafanya hesabu hiyo kwa mstari mmoja, mkimbie.

Sasa nikwambie kisa ambacho sijawahi kukuandikia, maana kilinitia aibu.

Nilikuwa na miaka kama sita kazini, kwenye hospitali moja ambayo haina haja kutajwa. Zamu yangu ilikuwa ya mchana. Nimeingia saa nane kasoro, nimevaa koti, nimebandika kipimo changu cha mionzi kifuani, nimekuta kwenye kasha la madini ya risasi kichupa kimeandaliwa na mwenzangu wa asubuhi. Mtu makini kweli, mwandiko wake kama wa mwalimu wa darasa la kwanza. Lebo ilisema: teknetiamu, 20 mCi, 2:00. Nje kwenye benchi kulikuwa na bibi mmoja wa makamo, kanga mbili, anasubiri picha ya mifupa.

Nikajisemea, vizuri, dozi ya saa nane imekuja na saa nane yake. Nikavuta kwenye bomba la sindano, nikatumbukiza kwenye kalibreta, ile mashine ya kupimia dozi. Nilikuwa nimeiweka isome megabekereli. Natarajia 740. Ikasoma 371.

Kwanza nilidhani nimekosea hesabu ya kugeuza. Nikaandika kwenye karatasi: 20 mara 37. Ikaja 740 kama kawaida. Nikaibadili mashine isome milikyuri, ikasema 10. Nikaona basi, imekufa. Nikaipiga kofi ubavuni, ndiyo, na mimi nilikuwa mtu wa kupiga mashine makofi. Kisha nikakumbuka nilivyofundishwa, nikachukua kile kipande cha siziamu-137 cha kujaribia, ambacho hakishuki ovyo maana huchukua miaka 30 kupungua nusu. Nikakiweka. Kalibreta ikasoma palepale ilipotakiwa kusoma. Mashine nzima. Hesabu nzima. Dawa nusu.

Nikakaa kwenye kiti. Nikaitazama lebo. 2:00.

Mwenzangu alikuwa ameandaa dawa ile saa mbili asubuhi. Akaandika kama anavyosema, kama unavyosema wewe, kama mama yako alivyokufundisha kusoma saa: mshale uko kwenye nane, mdomo unasema mbili. Mimi nimeingia mchana, nimesoma lebo kwa macho ya kitabu cha Kizungu, nimeona saa nane mchana. Kati ya saa yake na yangu kuna saa sita. Na teknetiamu-99m, Mwanahawa, hupungua nusu kila baada ya saa sita. Kama mtu amekaa akapanga mtego kwa ajili ya Waswahili tu, asingeupanga vizuri zaidi ya hapo.

Unaona ilivyokuwa? Ile ya 37 nilikuwa naiangalia kwa macho mawili, nimeiandika hadi kwenye karatasi. Hii ya kutoa sita sikuiona kabisa, kwa sababu naifanya tangu nina miaka mitano na sijawahi kuihesabu kuwa ni hesabu.

Bibi wa watu hakudhurika. Nilitoka nikamwomba radhi, nikamwambia dawa imepoa, tunaandaa nyingine. Akanijibu, "Chakula kikipoa hupashwa, dawa je?" Sikuwa na jibu. Tukakamua jenereta upya. (Hilo neno nalo lilimtisha mkaza mjomba wako siku za mwanzo, alidhani hospitali nzima inategemea jenereta ya dizeli. Nikamweleza ni nguzo ndogo yenye molibdeni ndani, inayozaa teknetiamu tunayoisukuma nje kwa maji ya chumvi.) Ningemchoma ile nusu, picha ingekuja na chengachenga, au angelala kwenye mashine muda mara mbili na mgongo wake ule unaouma. Na kama kosa lingekuwa upande wa pili, angepata mara mbili ya alichoandikiwa.

Kwa hiyo namba yoyote ya mionzi isiyo na saa haijakamilika, hata ukiwa umeigeuza kwa ufasaha wa namna gani. Megabekereli 740 za saa mbili asubuhi ni 523 saa tano, na 370 saa nane. Angalia hiyo ya saa tano: nusu ya muda imepita, lakini hazijapungua robo tu, zimepungua zaidi. Haishuki kwa mstari ulionyooka, usigawanye kama unagawa nauli. Jenereta yenyewe vilevile. Molibdeni-99 hupungua nusu kila saa 66, hivyo ile iliyoandikwa gigabekereli 18.5 Jumatatu hii, milikyuri 500 kwa lugha ya mzee wenu, Jumatatu ijayo imebaki na 3.2 hivi. Tanuri la nyuklia la Pelindaba, Afrika Kusini, ambalo ni moja ya yanayozalisha molibdeni duniani, linaitwa SAFARI-1. Jina linafaa, maana mzigo huo nusu yake huishia njiani.

Baada ya siku ile tulikubaliana sote, zamu zote, kwamba kwenye lebo tunaandika saa za ishirini na nne: 08:00, 14:00. Mdomoni endelea kusema saa mbili, hakuna atakayekunyima lugha yako. Kalamu ndiyo inayokatazwa. Nilisikia kwamba nilipostaafu kijana mmoja aliona ni usumbufu, akarudi kwenye 2:00. Natumaini si kwenye idara yenu. Kesho ukiingia kazini tazama lebo tatu za kwanza utakazozikuta, kisha niandikie zimeandikwaje.

Na mzee wenu akisema "ishirini", mjibu kwa adabu, "Milikyuri ishirini, mzee, megabekereli mia saba na arobaini, saa ngapi?" Atakasirika mara mbili tatu. Ya nne atazoea.

Ile lebo bado ninayo. Niliipitisha mbele ya kaunta ya kupimia mionzi kabla ya kuitoa maabara, ikawa kimya, na tangu siku hiyo ilikuwa kwenye kurasa za daftari langu la hesabu. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ibandike kwenye mlango wa kabati la risasi, upande wa ndani, mahali ambapo mkono unapita kila asubuhi.

Mjomba wako